Nyumba Moja, Kazi Moja

"Msimulie jirani, mwanangu. Msimulie ulivyompa mkeo kazi yako."

Mama mkwe alisema hivyo huku akijiegemeza kochini, kikombe cha chai kimetulia juu ya goti. Jirani alikuwa amekuja kuazima ngazi tu, maskini wa Mungu, lakini nyumba ile ukishaingia hutoki bila kuisikia hadithi.

Povu, mwanawe, hakusubiri kubembelezwa. Povu ni jina alilopewa kwenye kiwanda cha kufua mashuka, kwanza kwa sababu alikuwa fundi wa mashine za kufulia, na pili kwa sababu mdomo wake ukishaanza haukuwa na breki.

"Ndugu yangu, ilikuwa hivi. Kiwanda kilipoanza kuyumba, mwenye mali akatoa amri: nyumba moja, kazi moja. Wanaolala nyumba moja, wawe mke na mume, wawe kaka na dada, mmoja atoke. Meneja akatuita mimi na mke wangu, mmoja mmoja. Akaniuliza, nani abaki? Nikamtazama machoni. Nikamwambia, mama meneja, mimi ni mwanaume, mwanaume hafi njaa. Mbakize mke wangu."

"Umesikia hayo?" mama mkwe alimgeukia jirani. "Siku hizi wapo wanaume wa namna hiyo?"

"Hawapo," jirani alikubali, macho yakiwa kwenye ngazi.

Mke wa Povu alikuwa jikoni, sufuria mkononi. Yeye kiwandani walimwita Nyoosha, maana shuka likishapita mikononi mwake, uutafute mkunjo kwa tochi, huupati. Hadithi ile aliijua neno kwa neno. Mwanzoni ilikuwa ikimtoa machozi ya mapenzi. Sasa ilikuwa imemkaa shingoni, lakini afanyeje? Aliyepewa hana mdomo.

"Wewe mwanamke!" mama mkwe aliita. "Chai ya mumeo imepoa. Au kwa kuwa sasa wewe ndiye unayetoka asubuhi?"

"Naleta, mama."

Alipofika sebuleni, simu yake iliyokuwa mezani ikatoa mlio. Povu akaiwahi, akasoma kwa sauti kama anayesoma taarifa ya habari.

"'Bado nasubiri jibu lako kuhusu usimamizi wa tawi jipya. Nafasi ni yako ukiitaka. Meneja.'"

Jirani akaona huo ndio mwanya wake. Akabeba ngazi, akaaga, akatoweka.

"Usimamizi?" Povu aliuliza. "Tawi gani hilo?"

"Lile wanalofungua mji wa pili. Nilikuwa natafuta wakati mzuri nikuambie."

"Wakati mzuri ndio upi? Nikishakufa?"

"Mume wangu, ni cheo. Tungehamia wote, nawe huko ungetafuta..."

"Sikiliza," Povu alimkata. "Nilikupa kiti changu ukae. Sikukupa ili uniwekee miguu kichwani."

"Haki ya Mungu, mwanangu ana moyo," mama mkwe alidakia. "Mwingine angekuwa ameshanyanyua mkono."

"Mjibu sasa hivi. Mbele yangu."

Nyoosha akaandika, mumewe akichungulia begani: "Nashukuru mama, lakini sitaweza. Majukumu ya nyumbani." Akatuma. Akaifunga simu kwenye pindo la kanga.

Usimwone mjinga. Yule mwanamke alimpenda mumewe. Walijuana palepale kiwandani, enzi Povu akifua na yeye akipiga pasi, katikati yao toroli la mashuka. Kila asubuhi Povu alikuwa akimfungia chupa ya chai ndani ya taulo lililotoka kwenye mashine ya kukaushia, anaichimbia chini ya mashuka, halafu analisukuma toroli huku akipiga mluzi. Nyoosha akifika kwenye taulo la moto anajua leo anapendwa. Hata ufundi wa madoa ni Povu aliyemfundisha, maana mashuka ya hospitali huja na kila balaa.

"Doa la damu usiliwahi na maji ya moto," alikuwa akimwambia. "Ukilichemkia, linakaa milele. Maji baridi, na subira."

Mtu wa namna hiyo unamnyimaje moyo wako? Walioana, wakapata binti ambaye sasa yuko shule ya bweni, na maisha yakaenda mpaka amri ilipokuja.

Tangu hapo Povu hakufanya kazi tena, ila moja, kusimulia. Fundi mwenzake alimwita wakafue mazulia ya ofisi. "Mimi? Mazulia?" Shule moja ilitafuta mtu wa kufua nguo za wanafunzi. "Nikafue soksi za watoto?" Na Nyoosha akifungua mdomo kusema lolote, hata kwamba chumvi imekwisha, alijibiwa swali lilelile.

"Unaongea kwa kazi ya nani?"

Asubuhi moja, baada ya yale ya tawi jipya, Nyoosha alikuwa anafunga viatu aende kazini.

"Mume wangu, nakuomba, leo loweka tu zile nguo zako. Nikirudi nitazisuuza mwenyewe."

"Niloweke nguo?"

"Mgongo unaniuma. Jana tumepokea mashuka ya mahoteli mawili."

"Nimekupa kazi, bado unataka niwe dobi wako!"

"Si wangu, ni nguo zako mwenyewe."

"Unaongea kwa kazi ya nani?"

Nyoosha alinyanyuka taratibu. Njia nzima alikwenda akiliwaza neno hilo, na kabla hajafika getini simu ikaita. Mama mkwe.

"Nasikia umemtuma mwanangu kufua."

"Mama, sijamtuma, nilimuomba..."

"Mwanangu yule unamuua. Mwanaume bila kazi ni kama nyumba bila paa, na paa umeliezua wewe ukajifunika. Ungekuwa na utu ungemrudishia."

"Nimrudishie nini, mama?"

"Alichokupa!"

Simu ikakatwa. Nyoosha akasimama pale getini, wenzake wanampita wanamsalimu, haitikii. Halafu akapata wepesi wa ajabu moyoni. Kumbe dawa ilikuwepo siku zote. Amrudishie! Yeye akae nyumbani, mume arudi kwenye mashine zake, mluzi urudi, na lile swali life. Hakupita kuvaa aproni. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

Meneja alikuwa mama wa makamo, maneno machache, miwani ikining'inia kifuani. Ofisi yake ilikuwa juu ya ukumbi wa kufulia, na sakafu yake ilitetemeka mchana kutwa kwa sababu ya mashine za chini.

"Umebadili mawazo kuhusu tawi?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba kingine. Nataka kutoka kazini. Mume wangu arudi, mimi nikae nyumbani."

"Kwa nini?"

"Ni zamu yangu. Yeye alijitoa kwa ajili yangu, nami nijitoe kwa ajili yake."

Meneja akaivaa miwani, akamtazama vizuri.

"Alijitoa?"

"Siku ile ulipotuuliza nani abaki. Alikuambia unibakize mimi."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Yeye. Anamwambia kila mtu."

Meneja akaivua miwani tena. Mashine za chini zikabadilisha mzunguko, zikaanza kukamua, vikombe vya mezani vikagongana.

"Dada yangu, siku ile nilikuuliza wewe kwanza. Ulinijibuje?"

"Nilisema mume wangu abaki." Nyoosha aliinamisha kichwa. "Sijawahi kumwambia. Yeye alishafanya jambo kubwa, sikutaka kulipunguza."

"Basi baada yako aliingia yeye. Naye akajibu vilevile."

"Vilevile vipi?"

"Kwamba yeye ndiye abaki. Maneno yake nayakumbuka. 'Mke wangu mtoe tu, yeye nyumbani atazoea.' Jibu lenu lilikuwa moja, hamkupishana hata kidogo. Mimi ndiye niliyewakatalia wote wawili. Mashine za zamani zilikuwa zinaondoka pamoja na mafundi wake, na mpiga pasi kama wewe sikuwa naye mwingine."

Nyoosha akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kibaya, kikavu, mpaka meneja akamsogezea glasi ya maji.

"Nilidhani mmeshayazungumza nyumbani. Ningejua, nisingenyamaza."

"Huna kosa, mama."

Na alisema kweli. Halafu sikiliza ajabu ya moyo: hakuumia kwa kuwa Povu alitaka kubaki kazini. Hata yeye si alitaka hivyohivyo? Angeambiwa tu, "Mke wangu, niliogopa, nikajitetea," angemkumbatia na yakaisha. Kilichomchoma ni chai alizopeleka amepiga magoti. Ni cheo alichokikataa mtu akimchungulia begani. Ni kila "samahani mume wangu" aliyoitoa akidhani anashukuru, kumbe anaibiwa.

"Ile nafasi ya tawi umeshampa mtu?" aliuliza hatimaye.

"Bado."

"Nikienda mimi, mume wangu anaweza kurudi hapa?"

"Mashine mpya zinataka mtu wa kupakia na kupakua. Si ufundi kama zamani, lakini kazi ipo. Tatizo ni kanuni. Tawi lile ni la mwenye mali huyuhuyu. Nyumba moja, kazi moja. Itabidi nimuulize kama anaishi na mtu mwingine wa kwetu."

"Muulize, mama," Nyoosha alisema. "Jumatatu. Nami nitamwambia mapema kwamba utamuuliza. Nataka nisikie atakavyojibu mara hii."

Akashuka ngazi, akavaa aproni, akapiga pasi mpaka kengele. Nyumbani hakusema kitu. Povu aliuliza mbona kimya, akajibiwa ni uchovu. Kila neno lilipompanda kooni alilirudisha. Maji baridi, na subira.

Jumapili mama mkwe akaja kama kawaida yake, akakalia kochi lake, akapewa chai yake. Nyoosha naye akaketi, jambo ambalo halikuwa kawaida.

"Mume wangu," alisema kwa upole. "Msimulie mama ile habari ya kazi."

"Mama anaijua."

"Nataka kuisikia mimi. Ni siku nyingi sijaisikia nikiwa nimekaa."

Povu akatabasamu. Asiyependa sifa ni nani? Akaisimulia, na siku hiyo aliipamba kuliko siku zote, mpaka akafika mahali meneja anatoa leso na kufuta machozi.

"Alilia?" Nyoosha aliuliza.

"Alilia! Akasema hajawahi kuona upendo wa hivyo."

"Meneja anakusalimu."

Tabasamu la Povu likabaki pale lilipo, ila macho yakaondoka.

"Ulikwenda kwake?"

"Nilikwenda kumwomba mimi nitoke, wewe urudi. Nilitaka kukulipa. Akaniambia hilo ndilo ombi lako la tangu mwanzo. 'Mke wangu mtoe tu, yeye nyumbani atazoea.' Ni maneno yako, au si yako?"

"Yule mwanamke ni mwongo! Ana chuki na mimi toka zamani! Unamwamini mtu baki, humwamini mumeo wa ndoa? Yaani wewe..."

"Mwanangu," mama mkwe aliita.

"...umekaa na maneno haya wiki nzima, unanitega kama panya ndani ya nyumba yangu!"

"Mwanangu, nakuuliza mimi. Ni kweli?"

Povu akageuka kumtazama mamaye. Akaketi.

"Niliogopa, mama. Mimi nikae nyumbani, nioshe vyombo, mke ndiye alete chakula? Watu wangesemaje? Wewe mwenyewe ungesemaje? Siku niliporudi nimefukuzwa nilikukuta hapa mlangoni. Nikakosa la kukuambia. Nikasema nimempa mke wangu. Ukanishika kichwa ukanibariki. Ningeanzia wapi tena kusema si kweli?"

Mama mkwe akakiweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke wa maneno, kila mtu anajua, lakini siku hiyo alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nilikulea kwa kufua nguo za watu. Hakuna aliyewahi kunipa kazi yake, wala sikuwahi kumpigisha mtu magoti kwa ajili hiyo." Halafu akamgeukia Nyoosha, na hapo umama ukamrudia. "Lakini mkwe wangu, mambo ya ndani huishia ndani. Ameteleza. Msamehe, maisha yaendelee."

"Mama, kuogopa nimeshamsamehe. Hata kukataa nibaki nimemsamehe. Mimi nami niliulizwa siku ile, nikasema abaki yeye."

Povu akainua kichwa. "Wewe ulisema nini?"

"Nilisema ubaki wewe. Mimi ndiye niliyejitoa, mume wangu. Ile hadithi yako ni ya kweli, ila umekosea mtu."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, ukuta ukagongwa, hakuna aliyewafokea.

"Mbona hukuniambia?" Povu aliuliza, sauti imekauka.

"Nilikuwa nakulindia heshima."

Nyoosha akanyanyuka, akaingia chumbani, akatoka na begi lililokwishafungwa.

"Nimekubali lile tawi. Leo hii nasafiri. Na wewe kazi yako ipo, kesho asubuhi meneja anakungoja."

"Yangu? Nimerudishwa?" Povu alisimama mara moja, na ile furaha iliyomruka usoni, Nyoosha aliiona. Aliiona yote.

"Lakini kanuni haijafutwa. Atakuuliza kama unaishi na mtu mwingine wa kampuni ileile. Ukisema ndiyo, hakuna kazi. Basi panda gari unifuate. Njoo hivyohivyo bila kazi, utatafuta huko taratibu. Tutakula tutakachopata, na wallahi sitamsimulia jirani yeyote. Mtoto wetu akifunga shule atatukuta wote."

"Na nikisema hapana?"

"Ukisema hapana, utakuwa umesema kweli. Tutakuwa nyumba mbili."

"Mke wangu, si nitaliongea tu kwa mdomo! Nitasema sina mtu, halafu tutabaki mke na mume kama kawaida, nani atajua? Ni uongo mdogo."

Nyoosha akamtazama mumewe muda mrefu. Alitamani sana amcheke, akashindwa.

"Nimeishi ndani ya uongo wako mdogo. Naujua ukubwa wake."

Akambusu mama mkwe mkono, akatoka. Povu alimfuata mpaka kibarazani.

"Utanipigia?"

"Wewe ndiye utakayenifuata, au hutanifuata."

Tawi jipya lilikuwa bado linanuka rangi. Jumatatu asubuhi wapiga pasi wapya walikuwa wamejipanga mbele ya rola, ile mashine ya kunyooshea mashuka, wanangoja kuonyeshwa kazi, na msimamizi wao kila mara anatazama simu. Alikuwa ameandaa hata ufunguo wa pili wa chumba alichopanga, uko mfukoni mwa aproni. Mwanamke akipenda ndivyo alivyo, msimcheke.

Simu ikaita. Meneja.

"Amekuja?" Nyoosha aliuliza kabla ya salamu.

"Amekuja mapema. Amevaa shati safi, naona ulimpigia pasi wewe. Halina mkunjo."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Nikasema, nyumbani kwako kuna mtu mwingine anayefanya kazi kwetu?"

"Akasemaje?"

"Alitaka kwanza kujua kazi inaanza leo au kesho."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia leo."

Nyoosha alishika ukingo wa meza. Mvuke ulianza kupanda kwenye rola.

"Halafu?"

"Halafu akasema nyumbani kwake hakuna mtu. Pole, mdogo wangu. Nimemwandika. Yuko chini anapakia."

"Asante, mama."

Simu akaitia mfukoni, ikagonga ule ufunguo. Akavuta shuka la kwanza kutoka kwenye toroli, na akili haijui kwamba mikono inatafuta kitu chini yake, taulo la moto, chupa ya chai. Torolini mlikuwa na mashuka tu. Hapo ndipo machozi yakamshinda, mbele ya wasichana wote wale, akajifutia kwa pindo la lile shuka mpaka akatulia.

"Dada, hili tulipitishe?" mmoja aliuliza kwa woga.

"Hapana," Nyoosha alisema. "Hilo limeshachafuka. Lirudisheni likafuliwe upya. Leteni lingine, tuanze kazi."